Aliyepokea Simu Kimya

Simu yake ikilia, Mshairi aliipokea bila kusema neno. Aliiweka sikioni na kungoja. Aliyepiga, kama alikuwa na shida ya kweli, angeanza yeye. Na kama alitaka tu kuhakikisha kwamba mzee bado yupo mji ule, angechoka na kukata. Siku za mwanzo nilidhani simu ni mbovu. Nilipiga, nikasikia pumzi upande wa pili, nikasema, "Mzee, ni mimi," ndipo sauti yake ikaja, tulivu kabisa: "Niko nakusikia, Kigoma." Kana kwamba aliyekuwa akijificha ni mimi.

Aliniita Kigoma kwa sababu ndiko nilikotoka na ndiko nilikosema kila siku kwamba nitarudi. Sisi tulimwita Mshairi. Wakongo, waliokuwa wengi kuliko sote katika ghala tulilofanya kazi, walimwita Papa Poète. Jina lake la kuzaliwa ninalijua, lakini sitaliandika hapa. Miaka yote niliyokuwa naye alinizoeza kutolitamka, na mdomo wangu umeshazoea.

Alikuwa Mwajemi, mtu wa Irani, mwandishi wa mashairi na wa makala za siasa. Kwao alifungwa zaidi ya mara moja. Kwanza ilikuwa kwa makala kuhusu foleni za mkate. Mara ya mwisho kwa shairi kuhusu akina mama wanaosimama nje ya lango la gereza na nguo safi za wana wao mikononi, wasijue kama bado yupo wa kuzivaa. Alipotoka alivuka milima kwa miguu hadi Uturuki, akakaa huko muda mrefu, kisha akaletwa Louisville, Marekani, kama mkimbizi, akapewa chumba, sufuria, na kazi ya kupanga vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Nyuma yake aliacha binti mmoja, mtoto wa miaka tisa. Mama wa mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto akabaki kwa bibi yake.

Huyo binti ndiye aliyekuwa nyuma ya kila jambo nitakalosimulia. Kila Mshairi alipochapisha kitu, popote duniani, haukupita muda kabla mtoto na bibi yake hawajaitwa ofisini kuhojiwa. Hawakupigwa. Waliwekwa tu kwenye benchi kutwa nzima, wakarudishwa nyumbani, ili baba apate habari. Baba alizipata. Basi mtu ambaye gereza lilishindwa kumnyamazisha akanyamaza. Aliendelea kutunga, lakini kwa kichwa tu, na hakumpa mtu. Baadaye bibi akafa, binti akawa msichana wa chuo, akaanza kuonekana na wanafunzi wanaoandamana, kisha namba yake ikaacha kuita. Nilipomjua Mshairi, tayari hakujua kama binti yake yuko gerezani, yuko mafichoni, au yuko kaburini.

Mimi nilifika Marekani na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Nimerudi na diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, ipo ukutani ofisini kwangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwa anayetaka kuiona, na vyumba vya baridi ninavyovikodisha nimevifunga kwa mikono yangu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtu wa kutishika ovyo. Na bado, kukaa na Mshairi kulinifanya niwe nageuka kuangalia nyuma hata nikienda kununua maziwa.

Alikuwa mwoga mwenye utaratibu. Basi la kwenda kazini lilisimama mbele ya nyumba yake, lakini alitembea hadi kituo kinachofuata na kupandia huko. Mkahawani alikaa akitazama mlango, na kama kiti hicho kilikuwa na mtu alisimama akanywa chai yake kwa kusimama. Hakupiga picha. Kitambulisho cha kazi alikigeuza sura ndani. Nilimuuliza mara moja kama hachoki, akasema woga ni kazi kama kazi nyingine, ukiifanya vizuri asubuhi unapata mchana wako. Na kweli, akishamaliza ukaguzi wake wa asubuhi, kwa saa kadhaa aliweza kuwa mtu mchangamfu sana, mwenye kejeli. Mimi nilikuwa shabaha yake. Nikieleza jinsi nilivyomshinda msimamizi kwa hoja, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kigoma, siku ukifa utatuma ujumbe kutuambia ulivyokufa vizuri."

Lakini mtu huyohuyo, aliyeogopa kengele ya mlango, alikuwa hana woga hata kidogo mbele ya mtu aliyemwona kwa macho. Msimamizi mmoja alimfokea mama mmoja wa Kibembe kwa kwenda chooni. Mshairi aliweka kifurushi chini, akasimama kati yao, na akazungumza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu hivi kwamba mkanda wa vifurushi ulijaa na ukazimwa. Sikusikia alichosema. Msimamizi yule hakurudia. Nilipomsifu alikunja uso. Alisema mwenye sura haogopeshi.

Kuhusu chakula, ilibidi niingilie kati mimi. Kwao mtu akikaribishwa hukataa kwanza, ndiyo heshima. Mwenyeji hurudia, mgeni hukataa tena, mwenyeji hushikilia, ndipo mgeni huketi na kula mpaka ashibe. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umweke kati ya Wakongo wa Kivu. Alikuwapo Mama Riziki, mwanamke wa Uvira, mkubwa wa meza yetu pale ghalani, aliyeleta ugali na sombe, yaani kisamvu, kwa wote wakati wa mapumziko. Alimkaribisha Mshairi. Mshairi akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa: hapana, asante. Mama Riziki akasema, "Bon, ni sawa, Papa," akafunika bakuli akaondoka nalo. Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Mama Riziki akaanza kulalamika kwangu, "Donc ule mzee anakatalaka chakula yangu juu ya nini? Anafikiri nitamuloga?" Na Mshairi akaja kuniambia kwamba alikuwa akilitazama lile bakuli likienda kama mtu aliyeachwa na basi.

Niliwakalisha wote wawili nikawaeleza. Tangu hapo Mama Riziki alimkaribisha kwa mkupuo: "Kula, kula, kula. Nimemaliza tatu, sasa kaa." Naye alikaa.

Desturi hiyohiyo kwa upande mwingine ilinifaa. Siku moja nilimsifia koti lake, la sufu nzito, alilolipata Uturuki. Akalivua palepale akanipa, akisema halina thamani, ni langu. Mimi nilishukuru nikalivaa. Alirudi kwake na sweta, kwenye theluji. Mama Riziki alicheka siku nzima, akaniambia mzee alitegemea nikatae. Nikamjibu kwamba kwetu zawadi haikataliwi. Nilipotaka kulirudisha, Mshairi aliona ni tusi. Ninalo hadi leo. Kigoma haina baridi, ila ile ninayoitengeneza mimi, na kila ninapoingia ndani ya chumba cha baridi kukagua mashine, ndilo ninalolivaa.

Hakuamini dini yoyote, na alisema hivyo bila kuona haya, lakini Louisville kila Jumapili alikuwa kanisani na Wakongo. Walikodi ukumbi wa shule. Alikaa nyuma ya nguzo, akapiga makofi nje ya mapigo. Sababu aliyonipa ni kwamba hapo ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna Mwajemi atakayefika kumtafuta. Nadhani pia alipenda kwaya. Sauti za wale akina mama zikipanda pamoja alifumba macho, na ni mara chache sana nilimwona amefumba macho mbele za watu.

Kosa lake ni kwamba hakuuliza kamera ni ya nini. Makanisa yale hurekodi kila kitu na kukirusha moja kwa moja, ili ndugu walioko Uvira, Bukavu na kambini Nyarugusu wasali pamoja. Jumapili moja kamera ilizunguka, ikapita nguzo, ikamkuta. Sura yake nzima ikatokea kwenye ukuta mbele ya kanisa, ikakaa pale, kwa sababu mwenye kamera alifurahi kuona mzee wa Kizungu, kama walivyomdhania, akipiga makofi. Baada ya ibada Mama Riziki alimkimbilia kumpa habari njema: dada yake wa Uvira amemwona. Mshairi akauliza kwa upole ni watu wangapi hutazama. Mama Riziki akafungua mikono. "Fasi yote, Papa. Kongo, Kanada, Australia. Batu ya dunia yote wamekuona."

Wiki iliyofuata chumba chake kilikuwa kitupu.

Wakati huo mimi nilikwisha kuhamia Columbus, nimepata kazi nzuri zaidi, ghala la nguo, na nyumba yenye maegesho Reynoldsburg, pembeni mwa mji huo. Alinipigia simu, na kwa kuwa aliyepiga ni yeye nilisikia ile pumzi tu, nikajua. Nilimpokea kituo cha basi na begi dogo. Nilimkaribisha kitanda changu mara tatu, kama nilivyojifunza. Alikataa mara nne, akalala sebuleni. Alikaa kwangu karibu mwaka. Aliniuliza maswali kuhusu gari jeupe lililoegeshwa mbele ya jengo, la nani, tangu lini. Nikaenda kuuliza. Lilikuwa la mtu wa kufunga mazulia. Alinishukuru, na kesho yake akaliuliza tena.

Ni hapo Reynoldsburg aliponisukuma kusoma. Nilitaka kusomea utawala, nivae tai. Akasema nisome kitu ambacho hakuna serikali inayoweza kukikataza. Nikamuuliza kitu gani. Alikuwa amesimama mbele ya jokofu langu, mlango wazi, akitafuta maziwa. Akasema hajawahi kusikia serikali iliyopiga marufuku barafu. Alifanya mzaha, mimi niliuchukua kama mpango, na mtu anayetaka kujua mpango ule umefika wapi aje Mwanga auone.

Kiswahili alijifunza kwa Wakongo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha Kivu chenye lafudhi ya Kiajemi, kitu ambacho sitarajii kukisikia tena. Kilichomfurahisha ni kukuta ndani yake maneno ya kwao. Bandari. Bustani. Rangi. Darubini. Kila alipokutana na moja alinipigia simu kuniambia, kwa furaha ya mtu aliyekuta kijiko cha mama yake kwenye jiko la jirani. Nilimwambia asifurahi sana, tumeyatumia muda mrefu, hatuyarudishi.

Mashairi yake niliyasikia mara chache. Alitunga akifanya kazi, midomo ikitikisika, na jioni aliyarudia yote tangu la kwanza ili asiyapoteze. Hayo ni mazoea ya gerezani, ambako hakukuwa na karatasi. Mara moja, mvua ikinyesha Reynoldsburg, alinitafsiria mistari miwili:

Nimeufundisha ulimi kulala chali,
kama mgonjwa anayemsubiri daktari wa serikali.

Nikasema ni mizuri. Akasema si mizuri, ni kweli tu, na kwamba kule kwao wangemfunga kwa neno serikali na wahakiki wangemfunga kwa neno daktari. Alikuwa na majivuno yake, Mshairi. Aliogopa kujulikana, lakini ukimtajia mshairi mwingine wa nchi yake aliye uhamishoni na maarufu, alikwenda kwa hasira kuosha vyombo vilivyo safi.

Kilichomtoa Columbus ni mtu wa kituo cha mafuta. Mshairi alikuwa amekwenda kununua mkate. Gari likasimama, mwanaume akashusha kioo na kumuuliza njia, kwa Kiajemi. Si kwa Kiingereza. Mshairi akamtazama na kumjibu kwa Kiswahili: "Sijui, baba, niko mugeni hapa." Yule mtu akarudia kwa Kiajemi, polepole. Mshairi akarudia kwa Kiswahili, polepole. Mtu akafunga kioo akaenda. Mshairi alifika nyumbani akicheka mpaka machozi yakamtoka, akanisimulia mara mbili, kisha akaanza kupanga begi lake. Huenda mtu yule alikuwa amepotea njia kweli. Huenda aliona sura ya kwao akafurahi. Hatukujua, na hilo ndilo lililokuwa baya katika maisha yake yote: hakuna siku hata moja aliyothibitishiwa kwamba kuna mtu anayemfuatilia, wala kwamba hakuna.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo la Louisville nililolipita. Ni kuhusu mto na sahani. Ninaliandika kwa ruhusa yake.

Mwaka mpya wa kwao huanza majira ya kuchipua. Kabla yake huotesha ngano au dengu kwenye sahani mpaka ziwe majani, na siku ya kumi na tatu hakuna anayekaa ndani. Watu wote hutoka kwenda kwenye ukijani, na yale majani huyatupa katika maji yanayotembea, yachukue ubaya wa mwaka. Mimi nilikuwa na gari, basi nikampeleka kwenye mto Ohio. Aliotesha yake kwenye kifuniko cha plastiki. Aliyatupa, akarudi na kifuniko, na akiwa bado anakipangusa maji akaanza kucheka.

Binti yake, alisema, alipokuwa mdogo sana aliambiwa atupe majani mtoni. Akayatupa pamoja na sahani, sahani ya maua ya bibi yake. Bibi akashika kichwa kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata mtoto akafanya vilevile, safari hii kwa makusudi, huku anamtazama baba yake usoni. Basi ikawa kila mwaka wanamnunulia sahani nyeupe ya ovyo ovyo kwa kazi hiyo, na kila mwaka bibi anashika kichwa, mpaka ikawa ni mchezo wao.

Kicheko kilikatika ghafla. Akatazama huku na huku. Palikuwa na mtu na mbwa wake tu, mbali. Akanishika mkono wa shati.

"Kigoma, hilo sijawahi kumwambia mtu. Kule ndani niliwaambia kila kitu. Jina la mwanasesere wake. Wimbo wa kumlaza. Walichouliza nilikitoa. Hilo hawakuuliza."

Sikuelewa anaogopa nini. Sahani ni sahani. Lakini nilimwahidi, na wanaonijua hapa Kigoma hawataamini, mimi ambaye habari haikai mdomoni: sikumwambia hata mke wangu.

Kutoka Columbus Mshairi alihamia Buffalo, mpakani na Kanada, kabla yangu. Mama Riziki alikuwa ameshatangulia huko, amefungua duka la vyakula Grant Street, na alimhitaji mtu mwaminifu wa kukaa kwenye mizani. Ndiyo kazi aliyoifanya Mshairi: alipima dagaa, unga wa muhogo na maharage, na waliomfahamu tu ndio walijua kwamba midomo inayotikisika haihesabu gramu. Mimi nilifuata baadaye, nikasoma diploma yangu huko huku nafanya kazi, nikanunua nyumba Cheektowaga, nje kidogo ya mji. Kila Jumamosi nilishuka Grant Street kumwona. Alikuwa amezeeka haraka. Alikaa nyuma ya mizani akitazama mlango.

Siku moja simu ilimkuta hapo hapo, mbele ya wateja. Aliiweka sikioni, akangoja. Sauti ya mwanamke ikasema, kwa Kiajemi, "Baba." Mshairi alikata. Alinieleza baadaye kwamba mkono ulikata wenyewe.

Mwanamke yule alipiga tena. Alituma picha, alituma video. Alisema alifungwa, akatoka, akavuka, na sasa yuko Toronto, anasoma, yuko salama, baba aseme neno moja tu. Mshairi hakusema. Alinionyesha zile picha juu ya kaunta, akiuliza kama zinafanana naye. Zilifanana. Lakini alimwacha mtoto wa miaka tisa, na huyu alikuwa mwanamke. Akaniuliza, mimi kama mtu wa mashine, ni kweli kwamba siku hizi mashine ikisikia sauti yako kidogo tu inaweza kusema lolote kwa sauti hiyo? Nilimwambia ni kweli. Na video? Nikamwambia hata video. Nilijibu kama mtu aliyesoma, na nikamwona anakaa chini.

Mshairi alikuwa na rafiki aliyewahi kuvutwa kwa simu ya namna hiyo. Aliambiwa dada yake yuko nchi jirani, anamsubiri. Alikwenda. Mara nyingine alipoonekana ilikuwa kwenye televisheni ya kwao, akisoma maungamo. Kwa hiyo hesabu ya Mshairi ilikuwa hii, na aliirudia mpaka Mama Riziki akamwomba anyamaze. Kama ni yeye, basi mtoto ametoka mikononi mwao, na baba anaweza kuandika tena kwa jina lake na kufa akiwa na ulimi. Kama si yeye, basi mtoto bado yuko kwao, na neno lolote atakalolisema kwenye simu ile atalilipa mtoto.

Kukutana ana kwa ana hakukuwezekana. Binti hakuweza kuingia Marekani. Watu wa nchi yake walikuwa wamefungiwa viza. Baba angeweza kutoka, lakini wakili alimwonya kwamba hali ilivyo huenda asiruhusiwe kurudi, na daraja la kwenda Kanada alikuwa hawezi kulitazama bila kujiuliza nani anamngoja upande wa pili. Katikati ulibaki mto Niagara, ambao pale Buffalo si mpana sana. Unaona magari ya Kanada yakipita. Binti ndiye aliyetoa wazo: yeye asimame ng'ambo, baba amwone tu.

Mshairi alifikiri siku nyingi. Kisha akaandika ujumbe mfupi, wa kwanza na wa pekee: siku ya kumi na tatu, vaa nyekundu, lete majani. Aliponionyesha niliusoma mara mbili, nikaelewa ni kitu gani hakukiandika.

Mimi wakati huo nilikuwa nabakiza siku chache kuondoka. Kontena langu la mitambo lilikuwa tayari njiani kuelekea Dar es Salaam. Asubuhi ya siku yenyewe nilimchukua dukani. Alikuwa amebeba majani yake, marefu, yamefungwa utepe katikati, juu ya sahani nyeupe aliyoazima jikoni kwa Mama Riziki. Mama Riziki alitusindikiza mpaka kwenye gari. Alitaka kuja, akaogopa. Akasema tu, "Papa, sahani yangu irudi."

Tulifika kwenye bustani ndogo ya kando ya mto, mwisho wa mtaa wa Ferry. Barafu ya ziwani ilikuwa bado inateremka, mabonge makubwa makubwa yakigongana. Hakushuka. Alitaka kwanza nimweleze kila aliyekuwepo: mume na mke wenye mbwa, mzee anayekula mkate ndani ya gari lake, hakuna mwingine. Nikamwambia natoa darubini. Aliposikia neno lile hakutabasamu.

"Yupo," nilisema. "Koti jekundu. Amesimama kwenye mawe."

Alishuka, akasimama nyuma yangu. Nilimpa darubini, akaijaribu, lakini aliona anga tu na maji. Akanirudishia. Akaniambia: "Sema ulichokiona. Usiseme ninachotaka."

Nikatazama. Upepo ulinitoa machozi. Nikaona na kitu kingine, nikasita, lakini alikuwa ameniagiza.

"Kuna mwanaume karibu yake. Amenyanyua simu. Anapiga picha."

"Anapiga upande wetu?"

"Anampiga yeye. Nadhani."

"Unadhani," alisema, na nikasikia viatu vyake vikirudi kwenye gari. Mlango ukafunguka. Alisema twende, akasema tena twende, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yake. Sikusogea. Kama ningetoa macho pale wakati ule, tusingejua tena maisha yetu yote. Nilimwambia asifunge mlango, anisikie tu.

"Ameinama. Ameokota kitu kutoka chini. Kijani. Amekishika kwa mikono miwili. Anangoja. Anatazama huku."

Nyuma yangu kimya. Ni kimya kile nilichokijua kwenye simu, pumzi tu.

"Ametupa."

Hakuuliza. Nilijua anachokingoja, na nilijua kwa nini haulizi: akiuliza atanitia neno mdomoni. Basi nikasema nilichokiona, kama kilivyokuwa. Majani yaliachana hewani na kitu cheupe. Kile cheupe kilizunguka, jua likakipiga kikang'aa, kikaanguka mbele, majani yakafuata. Halafu yule mwanamke akainua mikono yote miwili na kujishika kichwa, akakaa hivyo, amejishika kichwa, akitazama upande wetu.

Mshairi alipita kando yangu. Alitembea mpaka kwenye uzio wa chuma akiwa na sahani ya Mama Riziki kifuani, akairusha pamoja na majani na utepe wake, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Haikufika mbali. Iligonga bonge la barafu, ikavunjika, na maji yakavichukua vipande kuelekea kule ilikokwenda sahani ya binti yake.

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akaiweka sikioni, na safari hii hakungoja. Alianza yeye.